"Mimba si ugonjwa" wakati wa kazi, "mimba ni ugonjwa" wakati wa kulipa: patron achague neno moja

Huku kwetu Kabambare, mwanamke mwenye mimba anasikia maneno mawili kutoka mdomo mmoja. Akiomba kupumzika kidogo juu ya tumbo linamuuma, wanamwambia: "Mama, mimba si ugonjwa, wenzako wote wanazaa, kazi iendelee." Akirudi kisha wiki mbili kuomba jina lake libakie kwenye liste, mdomo ule ule unamwambia: "Mama, weye uko mgonjwa, enda nyumbani kwanza, tutakuita." Na kuitwa, haitwi tena.

Sisi ni watoto, wake na waume wa watu wa mgodi. Tumesikia maneno hayo Salamabila, tumeyasikia Namoya, tumeyasikia kwenye mashimo ya porini na kwenye majiko ya kambi. Leo tunataka kuyajibu. Kama mimba si ugonjwa, basi haiwezi kuwa sababu ya kumtoa mtu kazini. Na kama mimba inaweza kuleta ugonjwa, basi mgonjwa anapashwa kupumzishwa na kutunzwa, kisha anarudi kwenye fasi yake. Patron achague neno lolote kati ya hayo mawili. Neno la kufukuza halimo.

Mimba ngumu si uvivu

Tuanze na sisi wenyewe, juu ya ubaya huu haukai paka kwa wapatron. Mara ngapi tumemsikia mwanaume, hata mwanamke mwenzake, akisema: "Huyu anajifanyisha. Mama yangu alitwanga mawe mpaka siku ya kuzaa"? Labda ni kweli mama yako alitwanga. Lakini mimba hazifanani. Mwanamke mmoja anapita miezi tisa anacheka. Mwingine anatapika mpaka anaisha nguvu. Hata mtu mmoja, mimba ya kwanza inaweza kuwa nyepesi, ya tatu inamlaza kitandani. Kumpima mtu na mimba ya mwenzake ni sawa na kusema: "Mimi shimo langu halikubomoka, basi na lako haliwezi kubomoka."

Kuna alama ambazo kila mume na kila kapita wa timu anapashwa kujua. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba: hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na presha ya mimba inaweza kuleta kifafa, kumwua mama na mtoto pamoja. Damu kutoka, hata kama ni kidogo. Maji kupasuka mbele ya wakati. Homa kali, kwani malaria inamaliza damu ya mama na kumpunguza mtoto tumboni. Mtoto kuacha kucheza. Mwanamke akisema moja ya mambo hayo, haombi ruhusa ya kwenda kulala. Anapashwa kufika kituo cha afya siku ile ile.

Sasa tuangalie kazi zenyewe. Kubeba mfuko wa mawe mgongoni kupanda mlima. Kuinama mtoni toka asubuhi mpaka jioni, miguu ndani ya maji. Kutwanga mawe kwa nondo na kumeza vumbi. Kusimama saa kumi mbele ya moto wa jiko la kambi. Na pale wanapotumia merkire kukamata dhahabu, moshi wake unaingia mapafuni, unafika kwenye damu, na kutoka damu ya mama unapita kwa mtoto na kugusa ubongo wake. Familia nyingine zinachoma ile dhahabu ndani ya jiko la nyumba, karibu na sufuria ya sombe. Hapo hata mama asiyefika mgodini amekwisha kufikiwa na mgodi.

Sheria tunayo

Watu wengi wanafikiri ulinzi wa mama mwenye mimba ni huruma ya patron: akiwa muzuri atakupa, akiwa mubaya hakupi. Si vile. Tuna Code du travail, sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, na ndani yake mambo haya yameandikwa wazi. Tuyaseme kwa Kiswahili, kwani karatasi zinazobandikwa mlangoni kwa ofisi ni za Kifaransa, na wengi wanapita mbele yake bila kusimama.

Kifungu cha 128 kinasema uzazi hauwezi kuwa sababu ya ubaguzi kazini. Ni marufuku kumlazimisha mwanamke anayetafuta kazi apime mimba, au alete karatasi ya kuonyesha kama iko nayo ao hana. Sheria inaacha mlango mmoja tu: kazi zilizokatazwa kwa wenye mimba na wanaonyonyesha, na kazi zenye hatari inayojulikana kwa afya ya mama na mtoto. Kumpima mimba mama anayetafuta kazi ya kufagia ofisi ao ya kuandika majina kwenye liste, hiyo haina mlango wa kupitia.

Kifungu cha 129 ndicho cha mimba ngumu, na ndicho kinachojulikana kidogo kuliko vyote. Kinasema mwanamke ambaye mimba yake haiendi sawasawa ana haki ya kusimamisha kontra yake, na kusimama kule hakuwezi kuhesabiwa kuwa sababu ya kuvunja kontra. Kusimamisha si kuacha kazi. Kontra inalala, haifi. Na tena, wababa musikilize: haki ile ile sheria inaipa mama na baba kisha kuzaa, kama afya ya mtoto inaomba msaada wao. Baba pia.

Kifungu cha 130 kinampa mama wiki 14 za mapumziko ya kuzaa: 6 mbele na 8 kisha kuzaa. Ndani ya wiki zile anapata sehemu mbili juu ya tatu za mshahara wake, pamoja na vitu vingine alivyopewa ndani ya kontra, mtoto akiwa hai ao akiwa amekufa. Na katika muda ule patron hawezi kuvunja kontra. Akirudi na ananyonyesha, ana haki ya mapumziko mawili kwa siku, nusu saa kila moja, na yanalipwa kama kazi. Tujue pia kwamba majirani wametupita kwa mshahara: Kenya ni miezi 3 na mshahara mzima, Tanzania ni siku 84 na mshahara mzima. Kwa hiyo mtu asituambie sheria yetu inadekeza wanawake.

Na kama patron anafukuza? Kifungu cha 62 kinataja mimba, kuzaa na mambo yanayofuata kati ya sababu ambazo haziwezi kuwa sababu halali ya kufukuza mtu. Kifungu cha 63 kinasema mwenye kontra isiyo na mwisho, akifukuzwa bila sababu halali, anapashwa kurudishwa kazini. Asiporudishwa, tribunal inapanga malipo ambayo yanaweza kufika mishahara ya miezi 36.

Hapa tunawajibu wapatron wanaolia: "Nani atalipa? Kazi itasimama!" Piga hesabu, patron. Wiki 14 kwa sehemu mbili juu ya tatu ni kama mshahara wa wiki 9 na siku kidogo. Weka hizo upande mmoja, weka miezi 36 upande wa pili, kisha uniambie ni gani inayomaliza kasha. Na hatujahesabu mtu mpya unayepashwa kumfundisha, wala jina baya linalokwenda mbele yako katika kila kijiji.

"Mimi ni journalier tu"

Tunajua jibu la wengi: "Sheria hiyo ni ya wenye kontra. Mimi nachukuliwa siku kwa siku, na kompani ndogo iliyochukuliwa na kompani kubwa." Ndiyo, mambo yamepangwa vile, na mara nyingi yamepangwa vile makusudi. Mama akianza kuonekana tumbo, hakuna barua ya kufukuza. Asubuhi jina lake halisomwi, basi imekwisha.

Lakini hata hapo sheria haikulala. Kifungu cha 40 kinasema: mtu anayechukuliwa siku kwa siku, akiwa amefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena mbele miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Siku 22 ndani ya miezi miwili si nyingi. Wamama wengi wa majiko na wa usafi wanazipita. Na kama hakuna karatasi, mfanyakazi anaweza kuonyesha kazi yake kwa njia zote za sheria: mashahidi, liste, badge, ujumbe kwenye simu, pesa iliyopita kwenye mobile money. Ndiyo maana tunasema: andika siku zako. Kalenda ya ukutani na bic, kila siku alama moja. Kitu kidogo kama hicho kinaweza kusimama mbele ya enspekta.

Kwenye mashimo ya mikono: ulinzi uliogeuka fimbo

Wengi wetu hata hivyo hatuna kompani. Tunakaa kwa shimo, kwa mto, kwa jiwe. Wamama wanatwanga, wanasafisha mchanga mara ya pili, wanabeba, wanauza ugali na maji. Kule Kivu ya Kusini wanaotwanga wanaitwa twangaise, na jina limekwisha kuwa jina la kazi.

Kwa watu hawa kanuni za leta zinakataza mwanamke mwenye mimba kufanya kazi kwenye mgodi wa mikono. Toka 2012, timu zinazokuja kupima migodi na kuipa rangi ya kijani, manjano ao nyekundu, zinaangalia kama kuna watu wenye silaha, kama kuna watoto, na kama kuna wanawake wenye mimba. Wazo lenyewe si baya. Tumekwisha kusema kubeba mawe na kupumua merkire kunafanya nini. Hatuombi mwanamke wa miezi saba ashuke ndani ya shimo.

Lakini angalia namna kanuni hiyo inavyotumika. Watafiti waliofanya kazi kwenye migodi ya Kivu wameandika kwamba katazo la wenye mimba limegeuzwa kuwa katazo la wanawake wote, kwani viongozi wa mgodi wanaona ni rahisi zaidi kufukuza wote kuliko kuuliza nani iko na mimba. Linakutana na lile neno la zamani kwamba mwanamke akikaribia shimo dhahabu inakimbia. Basi neno la mila na neno la leta yanashikana mikono, na mama anabakia nje ya kamba.

Na yule mwenye mimba kweli anafanya nini? Anaficha. Anakaza kitenge, anavaa koti kubwa juani, hasemi kitu. Akiumwa hasemi, juu akisema atafukuzwa. Hafuati consultation prénatale juu ya siku ya kupima ni siku ya kupoteza kazi. Kwa hiyo kanuni iliyowekwa kulinda mtoto inamficha mtoto mpaka siku damu inatoka njiani. Ulinzi usio na chakula ni fimbo. Ukimwambia mama "toka hapa, ni hatari," kisha humwambii atakula nini kwa miezi sita, haukumlinda. Umemsukuma tu usiku, kwenye mto mwingine, kule hakuna anayemwona.

Tunachoomba kinaweza kufanyika bila kungoja Kinshasa. Kwanza, hamisha kazi, usifukuze mtu. Mwanamke anayejua mawe anaweza kuandika mifuko inayotoka, kushika mzani, kulinda vyombo, kuuza mbali na vumbi na merkire. Ni kazi ambazo ziko, na mara nyingi zinapewa mdogo wa mwenye shimo asiyejua kuhesabu. Pili, fasi yake ya kutwanga ao ya kusafisha ibakie yake mpaka arudi; dada yake ao jirani aishike, lakini isiuzwe. Tatu, ma-cooperative ziweke kando kitu kidogo kila wiki kwa ajili ya wenye mimba na wanaolea. Sisi wote tunajua likelemba. Kama tunaweza kuchangia mazishi ya mtu ambaye shimo limemwua, tunaweza kuchangia mtoto ambaye hajazaliwa. Na watu wa SAEMAPE, wanaochukua taxe kwa jina la kusaidia wachimbaji, waje pia siku ya kupanga mambo haya, isiwe siku ya kuhesabu mifuko tu.

Wababa, hili neno ni lenu pia

Kuna wanaume wanaosema: "Mambo ya wanawake, waache wajipange." Tunawauliza: wakati mke wako anafukuzwa juu ya mimba, mimba ni ya nani? Mshahara unaopotea ulikuwa unalipa masomo ya watoto gani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na baba ni mzazi pia.

Tena kuna haki ambayo wababa wenye kontra wanaiacha chini. Sheria inamwambia patron, katika ugonjwa, mimba ao kuzaa, atoe matunzo kwa mfanyakazi na kwa familia anayoibeba: muganga, dawa, kulazwa hospitalini. Kwa hiyo mke wa mchimbaji mwenye kontra, hata kama yeye mwenyewe hafanyi kazi, matunzo ya mimba yake yanahusu kompani ya mumewe. Lakini jina lake linapashwa kuwa kwenye dosie. Wangapi kati yetu hatujamwandikisha mke, juu ya uvivu wa kutafuta karatasi ya ndoa, ao juu ya kuogopa mke wa pili ajue? Siku presha imepanda, si wakati wa kutafuta mhuri wa état civil.

Na madelege wa syndicat: munachaguliwa na watu wote, wanaume na wanawake. Mukikaa na patron mezani munazungumza bonus, munazungumza viatu na kofia. Ni vizuri. Mara ngapi mumetaja kifungu cha 129?

Mwanamke afanye nini

Tuseme wazi, hatua kwa hatua. Kitu kinapokwenda vibaya, enda kituo cha afya na uombe sertifika inayosema hali yako na siku unazopashwa kupumzika ao kazi unazopashwa kuacha. Neno la mdomo la muganga halifiki ofisini. Peleka barua na kopi ya sertifika kwa patron, na kopi nyingine waitie mhuri na tarehe ya kupokea. Wakikataa kutia mhuri, nenda na delege ao shahidi wawili na uandike majina yao. Piga picha ya kila karatasi na simu, kisha mtumie mtu mwingine ile picha, kwani simu inaibiwa. Usitie sinyatiri kwenye karatasi inayosema umeacha kazi kwa mapenzi yako. Hiyo ni mtego wa kila siku: "Sainia hapa mama, ni ya kupumzika tu." Kama hujui kusoma, mwombe mtu asome mbele ya patron.

Wakikufukuza, njia ya kwanza ni enspekta wa kazi. Tribunal haipokei kesi ya kazi ambayo haikupita kwanza kwa enspekta ili ajaribu kupatanisha. Pale tribunal du travail haijafika, tribunal de grande instance ndiyo inashika kesi.

Na hapa tunageukia leta. Kutoka Salamabila mpaka Kindu ni safari ambayo hata mwanaume mwenye nguvu anaiogopa, kwa pikipiki, kwa matope, na mahali pengine kwa kuomba Mungu watu wenye bunduki wasitokee. Mwanamke ambaye muganga amemwambia asisogee, munataka apande pikipiki siku nyingi kwenda kuonyesha sertifika? Haki ambayo iko mbali vile ni kama dhahabu iliyo chini ya maji: iko, lakini haiko yako. Tunaomba enspekta wa kazi afike Kabambare na Kasongo kwa siku zinazojulikana, atangaze kwenye radio, kanisani na msikitini, akae na wamama bila patron kuwa mezani. Na kila kompani, kubwa na ndogo, ibandike vifungu 128, 129 na 130 kwa Kiswahili mlangoni, mahali liste inasomwa.

Dhahabu ya eneo letu inachimbwa tangu nyakati za Wabelgiji. Makompani yamekuja, yamekwenda, yamerudi na majina mengine. Kitu ambacho hakijaenda ni sisi, na kila mmoja wetu alibebwa kwanza ndani ya tumbo la mwanamke aliyekuwa anafanya kazi. Basi kesho asubuhi, jina la mama likirukwa kwenye liste juu ya tumbo lake, wanaume wanaosimama pale wasitazame chini. Mmoja auliza kwa sauti: "Na huyu, kwa nini hakusomwa?" Kisha wote wangoje jibu.